Pasipopita Mtoto

Maurice alicheka.

Najua tangu gazeti la wiki jana mmebishana. Wengine mlisema atalia. Mama mmoja muuza githeri aliniambia bila haya kwamba huyo ataanguka chini kama gunia la makaa. Mmekosa nyote. Sista Njambi alipomaliza kusema yale tuliyomwacha nayo mdomoni, kwamba damu ya Kavetsa haikuonyesha kitu lakini damu ya Maurice ina virusi vya Ukimwi, bwana harusi wetu aliegemea ukuta wa kliniki akacheka mpaka magego yakaonekana.

Kavetsa alimtazama. Nyumbani kwake, hapahapa Kabiro, gauni lake la harusi lilikuwa bado kwenye cherehani, mkono mmoja umeshonwa, wa pili unangoja. Alikuwa akijishonea mwenyewe. Pasta alikuwa ametangaza wazi: msipopimwa, sifungishi ndoa. Ndiyo maana walikuwa hapa, mvua hii ya El Nino ikipiga mabati kama inadai kuingia.

"Maurice, unacheka nini?"

"Hii kitu haiwezekani. Sista, hao watu wa maabara wamechanganya chupa."

"Ikitoka hivyo mara ya kwanza tunapima tena kwa njia nyingine," Sista Njambi akasema. "Imetoka vilevile."

"Basi mashine imeharibika. Haiwezekani. Huyo hajawahi kugusa mwanamke."

Wanawake wawili wakamgeukia.

Maneno mengine ni kama kuku wa jirani. Yakishatoka nje, huyarudishi kwa kupiga makofi.

"Huyo nani?" Kavetsa akauliza.

Maurice akaingiza mikono mifukoni.

"Umesema huyo. Ni nani?"

"Nilikuwa nasema mimi. Mimi sijawahi kugusa mwanamke."

Kavetsa alijua huo ni uongo, na alikuwa na sababu zake za kujua. Vumilia, tutazifikia. Kwa sasa mtazame Sista Njambi, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akiinuka polepole.

"Nionyeshe mikono yako."

"Ya nini?"

"Nionyeshe tu."

Maurice akaitoa mifukoni. Ilikuwa mikono ya fundi wa kuchomea vyuma, ina makovu madogo ya cheche, lakini vidole vyote vilikuwa mahali pake.

"Sura nasahau, watu ni wengi," Sista akasema. "Lakini kijana aliyekuja hapa akasema yeye ndiye Maurice, nilimtania wakati natafuta mshipa. Nilimuuliza kipande cha kidole amempa nani. Akaniambia msumeno ulikihitaji kuliko yeye."

Kavetsa hakuhitaji kuambiwa jina. Kidole hicho alikuwa amekiona wiki iliyopita tu, kikipaka gundi na kushika misumari.

"Austin," akasema.

"Kavetsa, sikia," Maurice akaanza. "Mimi naogopa sindano. Ni hiyo tu. Austin ni beshte yangu, nikamwomba anisaidie."

"Unaogopa sindano."

"Tangu utoto."

Huyu, msomaji, ndiye mwanamume anayechomea mageti ya chuma kule Silanga bila miwani. Cheche ilipomwingia jichoni mwezi uliopita, alifunga kitambaa akaendelea na kazi kwa jicho lililobaki. Ati sindano.

"Haya," Sista akasema, akivuta trei. "Keti hapa. Nitakuchoma polepole kama mtoto."

"Sawa, Sista. Wacha nioshe mikono kwanza, ina grisi."

Akatoka. Mfereji uko nje tu ya mlango, na ukifunguliwa hulia kama ng'ombe. Walingoja. Mfereji haukulia. Kavetsa akafungua mlango, akamkuta mama mmoja kwenye benchi akinyonyesha.

"Unatafuta yule wa koti la buluu? Amepita hapa mbio. Hata nimedhani kuna moto huko ndani."

Kavetsa akarudi akakaa. Hakulia. Alikuwa akishona jambo kichwani, na kila mshono ulikuwa ukimchoma yeye mwenyewe. Anayeogopa sindano hutafuta mtu wa kumshika mkono. Maurice alikuwa amepita vijana wote wa kwaya, akamchagua yule mmoja ambaye akina mama wote wa kanisa humtolea mfano. Alichokuwa akikiogopa ni jibu.

"Nimekosa leo," Sista Njambi akasema, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Nimeitoa siri ya mtu mbele ya watu ambao haikuwa yao. Huyo kijana hajui, sivyo?"

"Hajui kitu. Yuko Sarang'ombe saa hii, anatutengenezea kitanda. Ndiyo zawadi yake ya harusi."

"Niletee leo. Lakini njiani usimwambie hata neno moja. Ni haki yake kusikia kwangu, akiwa ameketi, na maji ya kunywa karibu. Niahidi."

"Naahidi, Sista."

Akauchukua mwavuli wake, akashika kitasa.

"Ngoja. Yako hatujamaliza."

"Si umesema niko safi?"

"Nimesema damu yako haikuonyesha kitu. Wewe na Maurice mmewahi kulala pamoja?"

"Hapana. Tuliapa mbele ya kanisa kwamba tutangoja."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Na hakuwa akidanganya. Hapo ndipo penye kuliza. Ungemweka Kavetsa mbele ya madhabahu na Biblia kifuani, angekujibu hivyohivyo.

Sista Njambi akavua miwani akaifuta kwa pindo la aproni. "Mimi nimeanza kazi hii zile siku watu wakisema ni ugonjwa wa madereva wa trela. Nikimuuliza mtu kama amelala na mtu, ananijibu swali lake, si langu. Kwa hivyo nitakuuliza kama mtu aliyepotea anayeuliza njia. Kuna kitu cha mwili wake kimewahi kuingia mwilini mwako?"

Kavetsa akaangalia sakafu.

"Mimi ni mama mzee, mtoto wangu. Hakuna utakachosema ambacho sijasikia leo asubuhi."

"Mlango wa mbele tuliufunga," Kavetsa akasema, sauti ikiwa chini ya mvua. "Tukawa tunatumia wa uani. Maurice alisema huko si kulala. Alisema siku ya harusi nitakuwa bado msichana. Na alisema hakuna hatari."

"Alisema hakuna hatari?"

"Alikuwa na msemo wake. Pasipopita mtoto, hapapiti ugonjwa."

Sista Njambi akaweka miwani mezani.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Maurice. Kwani ni uongo?"

"Kavetsa, virusi havitafuti njia ya mtoto. Vinatafuta njia ya kuingia kwa damu. Huko nyuma ngozi ya ndani ni nyembamba kama ile karatasi ya kusokotea sigara. Hailowi yenyewe. Inachanika kidogokidogo na wewe huoni hata tone. Katika njia zote mwanamume anazoweza kumwingilia mtu, hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa yule anayepokea. Inaishinda hata ya mbele."

Kavetsa akarudi kwenye kiti.

"Yaani nilikuwa najificha mvua kwa kuingia mtoni."

"Ulisukumwa. Mpira mlitumia?"

"Mara moja. Maurice aliupaka mafuta ya kujipaka."

"Ukapasuka."

"Umejuaje?"

"Mafuta hula mpira. Kwa anayeingia pia kuna hatari, usifikiri yeye anapona. Ni ndogo kuliko yako, lakini ipo, na kila akirudi anacheza kamari upya."

Kisha maswali yakamtoka Kavetsa yote kwa pamoja, kama pamba kwenye mto uliopasuka. Na mapajani? Ngozi nzima kwa ngozi nzima, hapana, Sista akasema, ila maji yake yasifike mlangoni. Na kwa mdomo? Ni ndogo, ndogo sana, ila vidonda au ufizi unaotoka damu huiongeza. Na kubusiana? Hapana. Na kikombe chake, na taulo, na blanketi?

"Hapana, hapana, na hapana. Ingekuwa kikombe, kliniki hii ingekuwa imebaki na mizuka ya wauguzi. Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Jumapili si hii, ile nyingine. Baada ya mazoezi ya kwaya."

Sista akashusha pumzi. "Basi majibu yako ni habari ya zamani. Hiki kipimo hakivioni virusi vyenyewe. Kinaona alama ambazo mwili unaweka ukianza kupigana navyo, na mwili huchukua muda. Urudi baada ya miezi mitatu. Mpaka hapo mimi sijui, na wewe hujui. Na usikubali mtu akuguse."

"Na kama Maurice yuko safi?"

"Akija nikampima tutajua mengi. Lakini aliye safi hatafuti damu ya kuazima." Akamshika bega. "Hata kama anao, si kila mara hupita. Usijizike, unasikia? Nenda uniletee yule kijana."

Kavetsa akaikata Ngong Road kwa miguu, mwavuli umegeuzwa na upepo, matope yakimpanda hadi magotini. Miezi mitatu. Harusi ilikuwa Desemba. Mtu aliyemwimbia kanisani kwamba atamlinda alikuwa amemlinda kwa kumpeleka palipo na shimo, na msemo mtamu juu.

Sarang'ombe, karakana ya Austin ni mabati manne na nguzo. Alikuwa kifua wazi, anapiga randa ubao wa kichwa cha kitanda, maranda yamemjaa nywele kama maua. Ubaoni alikuwa amechonga ndege wawili. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko mwenzake.

"Shem," akasema, bila kuacha kazi. "Umekuja kuona kitanda? Huyo ndege mnene ni Maurice. Nilimwambia apunguze chapati."

"Vaa shati, Austin. Sista Njambi wa Kabiro anataka kukuona."

Randa ikasimama. Austin akakuna kichwa kwa kile kidole kifupi, uso umejaa aibu ya mtoto aliyeshikwa na sukari.

"Kwani amegundua? Aki shem, nisamehe. Maurice aliniambia akiona sindano anazimia. Nikaona damu yangu iko tu hapa, haina kazi. Si mlipita lakini?"

Kavetsa akageukia ndege wa ubaoni. Alikuwa ameahidi.

"Ulikuwa na hakika tutapita?"

"Na hii damu? Ungeweza kuwekea meza ya Bwana. Mimi sijawahi kulala na mwanamke."

Kavetsa alijua anyamaze hapo. Alijua. Lakini swali la Sista Njambi lilikuwa limeshaingia mdomoni mwake.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja." Kisha Austin, ambaye hawezi kudanganya hata mteja juu ya mbao, akachungulia nje, akashusha sauti. "Shem, hii isifike kwa kwaya. Kuna mtu. Tunapendana, tangu Pasaka. Baada ya harusi yenu mimi pia naenda kwa pasta. Lakini tumejichunga, usituone vibaya. Hatujawahi ile njia ya kawaida. Tunapita ile nyingine, haihesabiwi." Akatabasamu. "Si unajua wanavyosema. Pasipopita mtoto, hapapiti ugonjwa."

Kavetsa akashika mguu wa kitanda.

Maneno yalikuwa yaleyale. Hata mahali pa kuvuta pumzi palikuwa palepale.

"Nani amekuambia hivyo?"

"Nikikwambia utanipiga na hii randa."

"Austin."

"Annet wako."

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kushika gazeti hili, Annet ni dada yake Kavetsa, wa tumbo moja, mkubwa wake. Ndiye aliyechaguliwa kusimama kando yake siku ya harusi. Kila Jumamosi alifika kwa Kavetsa na pini mdomoni, akapiga magoti kupima pindo la gauni, akasema ingia kidogo hapa, toka kidogo pale.

Na kwa kuwa mimi sina huruma, ndiye aliyeingia sasa, kiatu kimoja mkononi, amelowa.

"Kavetsa. Nimekutafuta Kabiro yote. Maurice yuko kwa pasta. Anasema mmepimwa, na wewe ndiye umepatikana na Ukimwi. Anasema harusi amevunja, hawezi kufa kwa ajili ya mwanamke."

"Ati nini?" Austin akasema.

Kavetsa hakushtuka. Siku hiyo alikuwa ameshatumia mshtuko wake wote.

"Wewe ulikuwa hapo akisema?"

"Nilikuwa hapo."

"Mama alikuwepo?"

"Ameitwa. Wazee wa kanisa wanaenda kwake."

"Na wewe ulisema nini, Annet?"

"Ningesema nini? Nilinyamaza."

"Ungesema ni uongo."

"Ningejuaje ni uongo?"

Kavetsa akamsogelea mpaka wakawa wanapumua hewa moja. "Pasipopita mtoto," akasema, "malizia."

Annet hakumalizia. Alitafuta pa kukaa, akakaa kwenye kitanda kisicho na mbao, juu ya ubavu mtupu.

"Usiniambie ni Austin amekufunza. Austin ameyapata kwako. Wewe uliyapata kwa nani?"

Mvua ikapiga, ikapiga.

"Ilikuwa kabla yako," Annet akasema. "Hukuwa unamjua bado. Nilikuwa naenda kwake Silanga. Akaniacha, nikaacha. Halafu siku moja unamleta nyumbani, unatuambia huyu ndiye, na mama anakimbia kushika kuku. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ulikuwa unacheka sana hiyo siku."

Kavetsa akataka kujibu, lakini jambo lingine likampita mbele. Mwezi wa pili, Annet alitokwa na malengelenge ubavuni, mkanda mzima kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Alilia kwa maumivu. Kavetsa ndiye aliyempaka ile dawa ya rangi ya waridi kwa unyoya wa kuku, kila asubuhi kabla ya kufungua cherehani, akimpulizia ikauke.

"Ule mkanda wa jeshi," akasema polepole. "Uliniambia ni joto la mwili."

"Daktari alinipima damu."

"Maurice anajua?"

"Nilimwambia wiki hiyohiyo."

"Ulimwambia Maurice. Mimi niliyekuwa nakupuliza ubavu hukuniambia."

"Nilidhani mnangoja," Annet akasema, na sasa maneno yalimtoka mbio. "Uliapa mbele ya watu wote, Kavetsa, nilikusikia. Nikasema hawa hawajagusana. Pasta atawatuma kupimwa, Maurice atashikwa huko, harusi itavunjika yenyewe, na hakuna mtu atajua yangu. Sikujua atamtuma mtu mwingine. Naapa sikujua."

"Kwa hivyo kila Jumamosi ulikuwa unashika pindo langu ukingoja sindano iseme badala yako."

Annet akafunika uso.

"Hatukungoja," Kavetsa akasema. "Tulipita ulikopita wewe."

Annet akafunua uso. Na unajua alichokuwa nacho usoni? Nafuu. Nafuu kabisa, kama mtu aliyeokota mtoto barabarani kabla ya gari.

"Basi uko salama," akasema, akimshika mkono. "Kavetsa, asante Mungu. Kama ni huko uko salama. Pasipopita..."

"Usimalizie."

Walikuwa wamemsahau Austin. Mimi mwenyewe karibu nimsahau. Alikuwa amesimama na randa mkononi, na lile tabasamu lake lilikuwa bado usoni, halina pa kwenda.

"Annet," akasema. "Daktari alikupima akakuta nini?"

Annet akamgeukia. Alipoongea hakuongea kama mtu anayeungama. Aliongea kama mtu anayekabidhi kitu alichokitunza vizuri.

"Ninao, Austin. Nilikuwa nao hata kabla ya Pasaka. Lakini wewe usiogope. Wewe nilikulinda. Unakumbuka nilivyokataa ile njia ya kawaida? Ulipiga magoti hapa kwa haya maranda ukaniomba, nikakataa. Ulidhani ni wokovu. Nilikuwa nakulinda wewe. Nilitaka kupendwa tu, na nisimuue mtu."

Kavetsa akafumba macho. Alikuwa na jibu la maneno hayo. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, chungu kama mwarobaini, na alikuwa ameahidi.

Austin akaweka randa chini kwa uangalifu, kama yai. Akaukunja mkono wa kushoto, akatazama mahali kwenye kiwiko ambapo Sista Njambi alimtoa damu huku akimtania kuhusu kidole. Si mjinga, Austin. Ni mwaminifu tu, na hivyo viwili watu huvichanganya.

"Kavetsa. Ile damu ya Maurice."

"Vaa shati."

"Ilisema nini?"

"Sista yuko kliniki, anakungoja. Atakuambia yeye."

"Nimekuuliza wewe."

Huko Kabiro wazee wa kanisa walikuwa wanakaribia mlango wa mama yake Kavetsa. Kama angekimbia sasa hivi, pengine angewahi. Pengine angesimama mbele ya pasta akasema Maurice ni mwongo, na huyu hapa Annet ni shahidi. Kila pumzi aliyokaa hapa, jina lake lilikuwa linazikwa na mtu aliyelichimbia kaburi.

Akalitoa shati la Austin kwenye msumari. Akalikung'uta maranda. Akamshikilia mkono wa shati kama anavyoshikiliwa mtoto wa shule, na Austin akapitisha mkono wake, kisha wa pili. Akaanza kufunga vifungo. Kidole kifupi kilikosa tundu, kikatafuta, kikakosa tena. Kavetsa akamfungia.

Annet alikuwa akiwatazama. Kwanza alitazama shati. Halafu vidole vya Kavetsa juu ya kifungo. Halafu uso wa Austin.

"Kwa nini unampeleka kwa Sista?" akauliza.

Kavetsa akamfungia kifungo cha mwisho, cha shingoni.

"Kavetsa, mbona anaenda kwa Sista?"

Austin akatoka kwanza, kwenye mvua, bila mwavuli. Kavetsa akamfuata. Nyuma yao Annet akasimama katikati ya kitanda kisicho na mbao, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Si nilimlinda?" akasema. "Kavetsa. Si nilimlinda?"